Vidole Vinane

Pikapu ilikaa bandani kwa kaka yangu Nibaldo miaka kumi na mmoja,
kuku wakitagia kiti cha dereva.
Tulipoufungua mlango, mtetea mmoja alitutazama
kama mwenye hati ya nyumba.

Ni Toyota ya mwaka sabini na tisa.
Iliwahi kuwa ya kijani, nadhani.
Huku Aysén mvua hula rangi kwanza, kisha bati,
kisha, ukishaizoea, inakugeukia wewe.

Machi hadi Agosti tuliivua nguo.
Fremu imeoza nyuma ya magurudumu,
kutu inabanduka kama ganda la mkate.
Nikachomelea vyuma vya lango la zizi
la kondoo tuliokwisha kuwauza.
Bolti kumi na mbili zilikatika; nilizihesabu kwa matusi.
Giaboksi ikavuja tangu siku ya kwanza.
Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi,
lakini giaboksi si pakacha,
na mchukuzi ndiye mimi, nimelala chali chini yake,
mafuta yananidondokea sikioni.

Injini ilipowaka ilikohoa manyoya.
Nibaldo akavua kofia.
Hakusema kitu. Kofia tu.

Sasa winchi.
Jioni tatu mezani, penseli na bahasha ya bili ya umeme:
kilo elfu moja mia saba, zidisha kwa moja na nusu,
ongeza kuni, ongeza kondoo wawili, ongeza Ermelinda
(shemeji akanitupia kitambaa cha vyombo),
na tope?
Tope halina mizani.
Ukivuta, nalo linavuta.

Ya haidroliki haichoki,
ila hunyonya injini: injini ikizimika katikati ya mto
mmebaki wawili mnaotazama maji yakipanda.
Ya umeme hunywa betri,
na betri itakupa dakika chache za kujiokoa
kabla haijaomba radhi.
Nilichagua dakika hizo.
Mto ule naufahamu.

Kisha kebo. Hapo tukagombana.

Nibaldo ana vidole vinane.
Viwili vilibaki msituni enzi za magogo,
siku kebo ya chuma ilipokatika ikarudi.
Hakusikia maumivu, husema. Alisikia filimbi.
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka,
ndivyo walivyosema waliotutangulia;
kaka yangu hashtuki,
anamtaka nyoka yule yule.
"Chuma," anasema. "Nakijua kinavyouma."

Mimi nataka kamba, ile ya nyuzi, rangi ya machungwa,
nyepesi, inayoelea, ambayo ikikatika
huanguka kama shati lililochoka kuanikwa.
"Hiyo ni ya kufungia viatu.
Jiwe moja lenye makali, na kwaheri."
Hakukosea. Kamba huchukia mawe, jua, mchanga.
Nikasema nitaivisha soksi ya turubai.
Akacheka kwa pua, akaenda kulala na viatu.

Niliagiza kamba. Sikumwambia.
Ililetwa na basi la Alhamisi kutoka Coyhaique,
dereva ameikalia njia nzima kama mto wa kiti.
Siku mbili ilikaa juu ya friji, hakuna aliyeitaja.
Siku ya tatu nilitoka kupasua kuni,
niliporudi nikamkuta jikoni, miwani puani,
amekifumua kitanzi cha mwisho chote
anakisuka upya, uzi juu, uzi chini,
bila kidole cha shahada, bila cha kati,
kwa gumba na meno.

Hakuinua macho.
"Waliisuka vibaya kiwandani," alisema,
akitema unyuzi wa machungwa.
"Na vidole vyao kumi."